Uchuro na Kutabiri Mabaya: Semi za Kumkemea Anayetarajia Balaa

Makala haya yanafafanua semi ambazo wasemaji wa Kiswahili nchini Tanzania na Kenya humwelekezea mtu ambaye kila mara hutarajia mabaya. Katika maandishi ya kitaaluma mtu huyo aghalabu huelezwa kuwa amekata tamaa. Maelezo hayo hayatoshi. Aliyekata tamaa ameacha kujaribu. Ndiyo maana wahakiki wa Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi wamelitumia sana neno hilo. Anayetarajia mabaya huenda bado anahangaika: anaweka akiba, anakagua kufuli mara mbili, anauliza itakuwaje basi likipinduka.

Mitaani Dar es Salaam mtu huyo huambiwa “acha uchuro” au “usinichurie”. Uchuro ni dalili ya balaa, mfano wa mlio wa bundi juu ya paa. Kitenzi chake humgeuza msemaji kuwa ndiye bundi. Kinacholaumiwa hapa si mtazamo wa mtu bali kauli yake, kwa kuwa maneno huaminika kuumba. Majibu nayo hulenga kuizuia kauli isitimie: “Mungu apishe mbali”, au, kwa lugha iliyotoka katika maombi ya makanisa ya kilokole, “ushindwe na ulegee!”, ambayo sasa husemwa hata kwa utani. Kisirani na nuksi ni mambo mengine. Hayo huweza kumwandama mtu hata akinyamaza.

Suala hili haliwahusu watunga kamusi pekee. Wosia, bima ya maisha na tahadhari ya mafuriko, vyote hudai msiba utajwe kabla haujafika. Nchini Tanzania, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) huandika na kuhifadhi wosia, lakini afisa yeyote anayemwuliza mzee, “Ukifa leo, wanao watabaki na nini?” amekwisha kumchuria. “Kuwawekea watoto mambo sawa” husema jambo lile lile bila kumzika msikilizaji. Hata methali “Tahadhari kabla ya hatari” humhimiza mtu ajiandae pasipo kuitaja hatari yenyewe.

Tahadhari ya mafuriko, hata hivyo, haina anasa ya kuficha. Lazima itaje mto na siku. Kinachoweza kubadilishwa ni anayetajwa katika sentensi. “Maji yakifika darajani, hamieni shuleni” huutaja mto. “Mtasombwa” humtaja msikilizaji, naye hujibu kwa kuapiza badala ya kufungasha.