Midi haina sauti, kwaya imo kwenye kihenge

Mwalimu wa kwaya wa kigango kimoja kati ya Mbinga na Mbamba Bay ameniuliza swali lililonikaa kichwani wiki nzima. Anatunga nyimbo za Misa kwa MuseScore. Akiusikiliza wimbo humo humo ndani ya programu, kinanda kimetulia na kwaya imejaa. Akiutoa kama midi na kuufungua kwa kicheza muziki cha kompyuta yake, anasema, "unalia kama mdoli." Ameutoa upya mara tatu, mambo yale yale. Anauliza: faili linaharibikia wapi?

Haliharibiki popote. Faili lake ni zima kabisa.

Historia ya midi naipita mbio: mwaka 1983, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, vinanda vya kampuni mbalimbali vipate kuelewana. Jambo la kushika ni kwamba ndani ya faili la midi hamna sauti hata chembe. Mna namba. Unapoona 144, 60, 90, maana yake ni hii: kwenye njia ya kwanza, bonyeza do ya katikati, kwa nguvu ya 90 kati ya 127. Baadaye kidogo inakuja amri ya kuiachia. Wimbo mzima ni mlolongo wa amri za namna hiyo, soprano kwenye njia yake, besi kwenye yake.

Chukua karatasi ya solfa. Mwalimu wa Mbinga anaandika d, m, s, anaikunja na kumpa mtu anayeshuka ziwani. Pale Mbamba Bay karatasi inapanda boti hadi Liuli. Ikifika inapokewa na kwaya ya watu 40, besi zao zinatikisa mabati, na waumini wanageuka kutazama. Nakala ya pili inaendelea hadi Lituhi, inawakuta waimbaji watatu waliotoka kukesha msibani, koo zimekauka. Wanaimba d, m, s ile ile, kwa mapigo yale yale, na wimbo unasikitisha. Hakuna atakayesema karatasi iliharibika njiani. Halafu angalia ilivyo nyepesi! Imeingia mfuko wa shati, wakati kuisafirisha kwaya yenyewe kungehitaji lori. Ndiyo maana wimbo wa dakika 4 ukiwa MP3 hufika megabaiti 4 hivi, na ukiwa midi ni kilobaiti kadhaa tu, unapita hata pale mtandao unaposhika kwa kubahatisha. Na ndiyo maana nyimbo nyingi zilizo kwenye tovuti ya Swahili Music Notes, wanakochota walimu wa kwaya wa Kikatoliki, zina nota na midi pembeni.

Juu ya karatasi mwalimu huandika pia nani aimbe. Kwenye midi kazi hiyo hufanywa na namba, kwa orodha ya ala 128 iliyokubaliwa mwaka 1991: namba 1 ni piano, 20 ni kinanda cha kanisani, 53 ni kwaya inayoimba "aa". Lakini namba 53 ni mwito tu. Anayeitika ni yule aliyemo ndani ya kifaa. Kwenye Windows anaitika mkazi wa zamani, mkusanyo wa sauti wa megabaiti 3 hivi uliotoka kwa kampuni ya Roland miaka ya 1990. MuseScore ina kwaya yake yenyewe, kubwa zaidi. Mwalimu wetu alipotoa midi, karatasi ilitoka, kwaya ikabaki nyumbani.

Mkusanyo wa sauti kama huo wa MuseScore huitwa SoundFont, jina lililotoka kwa kampuni za E-mu na Creative. Kwa Kiswahili tuuiteje? Wapo wanaosema "fonti ya sauti", lakini fonti ni umbo la herufi, na mwimbaji hapati picha yoyote. "Benki ya sauti" lingefaa kama neno benki lisingekuwa tayari na kazi nyingine: humo ndani ala zenyewe hupangwa kwa benki. Mimi nimechagua kihenge cha sauti. Kihenge hujazwa wakati wa mavuno kikalisha nyumba mwaka mzima, na sauti hizi nazo zilivunwa siku moja studio, tunazila mpaka leo. Kuhusu jina "programu jalizi", yaani plugin, sina ugomvi. Kujaliza ni kujazia palipopungua, na ndiyo kazi yake hasa.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Hakuna anayerekodi kila noti kwa kila ala. Waimbaji hurekodiwa wakishika "aa" kwenye la, mitetemo 440 kwa sekunde. Ukitaka nusu hatua juu yake, mashine inaisoma rekodi ile ile kwa kasi zaidi kidogo, mara 1.0595 hivi, nawe unapata 466. Zidisha tena, 494. Ukizidisha mara 12 unatua kwenye mara mbili kamili, 880, la ya juu. Namba moja, ikizidishwa tena na tena, inakupa kinanda kizima! Ila kasi ina gharama yake, kwa sababu ukiharakisha rekodi unabana na koo la mwimbaji. Mama wa soprano anakuwa mtoto, kisha panya wa katuni. Kwa hiyo mjenzi wa kihenge kizuri hurekodi kila baada ya hatua chache, kila rekodi ikihudumia majirani zake wa karibu tu. Kihenge cha megabaiti 3 hakina nafasi hiyo. Rekodi moja inavutwa mbali huku na huku. Mdoli wa mwalimu wetu ametokea hapo.

Kisha kuna mshono. Rekodi ni ya sekunde chache, na Aleluya inataka noti ishikwe mapigo manane. Mashine inacheza mwanzo wa "aa", kisha inachukua kipande cha katikati na kukizungusha mpaka amri ya kuachia ifike. Sekunde moja ya sauti huwa na vipimo 44,100, na mtetemo mmoja wa la ya 440 unachukua kama 100 tu kati yake. Mwisho wa kipande lazima ukutane na mwanzo wake kwa urefu ule ule na mwelekeo ule ule, kama msusi anavyounga ukili na ukili hadi mkeka usionyeshe mshono. Ukikosea kidogo inasikika "tik" kila mzunguko. Ukizungusha kipande kifupi mno, "aa" inakufa na kuwa king'ora. Nimewahi kukaa jioni nzima nikiutazama mshono mmoja kwenye skrini, wimbi likiingia kwenye wimbi, na sikuchoka.

Kuweka kihenge kikubwa zaidi kwenye kompyuta ni kazi ya dakika kumi. Pakua kihenge chenye mwisho wa .sf2. GeneralUser GS cha S. Christian Collins kina megabaiti 30 hivi, na ndicho ninachokipenda kwa kompyuta ya kawaida. FluidR3 cha Frank Wen kinazidi 100. Kwenye kicheza muziki cha VLC fungua mapendeleo, chagua kuonyeshwa yote, ingia kwenye kodeki za sauti, chagua FluidSynth, ielekeze kwenye faili lako, hifadhi, funga, fungua upya. Kwenye Linux ongeza kwanza jalizi ya vlc-plugin-fluidsynth. Mwenye kicheza muziki cha foobar2000 aongeze jalizi ya foo_midi na kuielekeza vivyo hivyo. Maneno ya wimbo hayataimbwa, ni "aa" tu.

Mwalimu, pakua kihenge kimoja ukiwa Mbinga mjini, kiweke kwenye flashi, na siku ukishuka ziwani wapelekee wenzako wa Mbamba Bay na Liuli wakiweke kwenye kompyuta zao. Baada ya hapo tumianeni midi tu. Kihenge kikiwa kimoja, kwaya inayowaitikia ni moja.