Kimya cha Figo

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Leo twataka kusema juu ya kimya cha figo, kwa maana wengi wetu hudhani kwamba kazi yake ni kuchuja uchafu wa damu tu, basi.

Sivyo. Figo ni mlinzi wa mifupa pia. Vitamini D tuipatayo kwa jua na chakula haina nguvu mpaka igeuzwe, kwanza katika ini, kisha katika figo. Na hii kazi ya figo ilidhihirishwa na Fraser na Kodicek huko Cambridge mwaka 1970. Tena figo ndizo zitoazo fosfeti iliyozidi, madini tuyapatayo katika nyama, maziwa na maharage.

Figo zikidhoofika, fosfeti hukosa njia. Hapo mifupa yenyewe huongeza homoni iitwayo FGF23, iliyotambuliwa mwaka 2000, ili kuzihimiza figo zitoe fosfeti hiyo. Lakini homoni hiyo hiyo huzuia kutengenezwa kwa vitamini D yenye nguvu. Vitamini hiyo ikipungua, utumbo haufyonzi kalisiamu ya kutosha. Ndipo tezi nne ndogo za shingoni zinapomwaga homoni yao, nayo huichota kalisiamu mifupani. Mwili wakopa huku ili ulipe kule.

Tazameni basi hila iliyomo. Kwa muda mrefu mgonjwa akipimwa fosfeti ya damu huambiwa kwamba ni sawa. Ni sawa kweli, lakini kwa gharama: mifupa yaliwa, na moyo nao huweza kulemewa. Siku fosfeti inapopanda, figo zimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zao.

Kwa hiyo hatukubaliani na wale wasemao, "Siumwi, ya nini kupimwa?" Mwenye ugonjwa wa sukari au shinikizo la damu hana budi apimwe damu na mkojo kila mwaka, ili hali ya figo ijulikane mapema. Aliyekwisha kuambiwa kwamba figo zake zina kasoro na apunguze soda nyeusi za kola na nyama za viwandani, ambazo fosfeti iliyotiwa humo hufyonzwa kwa wingi kuliko ile ya maharage. Wala asijinunulie vidonge vya vitamini D au kalisiamu bila shauri la daktari.

Ndugu wafanyakazi, mifupa yetu ndiyo mtaji wetu. Figo hazipigi kelele. Ni juu yetu kuziuliza hali.