Mbegu Bora ya Tikiti Maji (3): Kinga Kutoka Tikiti Lisiloliwa

Wiki iliyopita tuliuona mnyauko fuzari: mtikiti unalegea jua linapopanda, unajikongoja jioni, baada ya siku chache umekauka. Pasua shina karibu na ardhi, utakuta mishipa imegeuka rangi ya kahawia. Kuvu yake hudumu udongoni miaka mingi, na dawa ya kupuliza haiifikii. Kinga ya kweli itoke ndani ya mbegu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wa kusini mwa Marekani walikuwa wakihama mashamba kwa ajili ya ugonjwa huu. William Orton, wa wizara yao ya kilimo, akaiona kinga kwenye tikiti la kulishia mifugo, gumu na lisilo na utamu. Akalichanganya na Eden, tikiti tamu la sokoni. Mbegu iliyotokana na kazi hiyo, Conqueror, ilitolewa mwaka 1911. Mnyauko haikuuogopa, ila walaji hawakuipenda, na sokoni haikutamba.

Shida ni kwamba mzazi mgumu hakurithishi kinga peke yake. Anakupa na ugumu wake. Dawa yake ni kumrudisha mtoto kwa mzazi mtamu, tena na tena. Ukirudisha mara nne, urithi wa lile gumu hubaki takriban asilimia 3. Kila kizazi hupandwa kwenye udongo wenye ugonjwa. Miche inayopona ndiyo inayoendelea, na tunda lake hukatwa, huonjwa na kupimwa sukari.

Uchavushaji wenyewe ni wa mkono. Ua jike utalijua kwa kitikiti kidogo chenye vinyweleo chini yake. Lifunike jioni kabla halijachanua, pamoja na ua dume. Asubuhi mapema pakaza chavua, kisha lifunike tena nyuki wasikuvurugie.

Mwaka 1954, C. F. Andrus wa South Carolina alitoa Charleston Gray, ambayo hata maduka yetu ya pembejeo huiuza. Ilikuwa tamu, ganda lake lilivumilia safari, na ilihimili mnyauko na chule. Kwenye ukoo wake imo Africa 8, mbegu iliyotoka kusini mwa Afrika. Nalisema hili kwa uchungu, maana matikiti yetu ya porini tunayaacha yapotee.

Fuzari nayo haikulala. Imezuka aina inayoishinda kinga hiyo ya zamani, na watafiti wamerudi kusini mwa Afrika, kwenye matikiti ya porini yaleyale, kutafuta nyingine.