Neno na Picha katika Kolaji ya Kidijitali: Picha za Kale na Makaratasi ya Pwani ya Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Kolaji ni kazi ya sanaa inayoundwa kwa kukusanya vipande vya vitu vilivyokwisha kuwapo, kuvipanga upya na kuviunga, ili vitoe maana ambayo havikuwa nayo vilipokuwa mbalimbali. Neno lenyewe limetoholewa kutoka Kifaransa, na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kubandika kwa gundi. Picasso na Braque walianza kubandika karatasi katika michoro yao mwaka 1912, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wasanii wa Berlin, akiwamo Hannah Höch, wakakata picha za magazeti na kuziunganisha kwa shabaha ya kuikosoa jamii yao. Hivi leo kazi ya mkasi na gundi hufanywa pia na kompyuta. Programu ya Photoshop ilitolewa mwaka 1990, na toleo lake la tatu, la mwaka 1994, likaleta utaratibu wa matabaka, ambapo kila kipande hukaa peke yake juu ya kingine na huweza kusogezwa au kufichwa bila ya kuharibu vilivyo chini yake.

Malighafi inayopendwa zaidi katika sanaa hii ni picha za zamani pamoja na makaratasi yaliyotengenezwa kwa matumizi ya muda mfupi: bahasha, stempu, tikiti, stakabadhi, kadi za mwaliko na barua. Makaratasi ya namna hii yamo kwa wingi katika nyumba za Pwani ya Afrika Mashariki na katika nyaraka za umma, kama zile za Zanzibar. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika malighafi ya Pwani maandishi ni sehemu ya picha. Anayekata bila ya kusoma hupoteza nusu ya alichokishika, na aghalabu hurithi kosa la aliyeandika kabla yake.

2.0 Kuunga vipande katika mila ya Pwani

Jina kolaji ni geni, lakini tendo lake si geni. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kazi hii: kubandika, kuunga, kushona, kutia kiraka. Vitenzi hivyo havilingani kimaana. Kiraka hufunika tundu na hudokeza upungufu, ilhali kuunga hutoa kitu kizima kutokana na visivyokuwa vizima. Leso ni mfano bora wa hilo. Jina lake limetoka katika neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, na inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Pwani walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa kimoja kimoja, wakavishona pamoja vikawa vazi moja. Baadaye vazi hilo lilipigwa chapa likiwa zima, likatiwa na maneno, kwanza kwa hati za Kiarabu na kisha kwa hati za Kirumi. Tangu hapo nakshi na jina la kanga husomwa pamoja, na mvaaji huchagua vyote viwili.

Mfano wa pili ni stempu za Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, stempu zilizokuwa na sura ya Sultani zilipigwa chapa juu yake maneno "Jamhuri 1964". Sura haikuondolewa, neno liliwekwa juu yake, likabadili kinachosomwa na anayeishika stempu hiyo. Msanii anayeziweka stempu hizo katika kolaji huwa anatumia kitu ambacho tayari kina matabaka mawili, na tabaka la juu ni la Kiswahili.

Studio za picha nazo zilikuwa na ufundi wa aina hiyo. Mjini Lamu, katika nusu ya pili ya karne ya 20, mpiga picha Omar Said Bakor alijulikana kwa kuunganisha picha zaidi ya moja zikawa picha moja. Mtafiti Heike Behrend ameijadili kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha wa Pwani. Kwa hiyo kompyuta haikuileta Pwani fikra ya kuunga picha. Imeongeza wepesi wake tu.

3.0 Maandishi yanayopotea

Wepesi huo una hatari zake, na baadhi ya hatari ni za kilugha. Ya kwanza inatokana na kugeuza picha. Ili uso wa mtu uelekee upande unaotakiwa, msanii huamuru kompyuta igeuze picha kama kioo. Maandishi ya hati za Kirumi yakigeuka, kila mtu huona. Hati za Kiarabu zikigeuka, asiyezisoma haoni kosa lolote, na barua ya Kiswahili iliyoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto hubaki kuwa mapambo yasiyosomeka.

Hatari ya pili inatokana na kusafisha. Programu nyingi zina kitendo cha kuondoa vumbi na madoa madogo. Katika hati za Kiarabu, herufi kadhaa hutofautishwa kwa nukta peke yake. Mwanzoni mwa neno, be, te na nuni zina umbo moja, na nukta ndizo zinazotofautisha maneno bia, tia na nia. Kompyuta haijui nukta ni ipi na vumbi ni lipi. Ikiachiwa ifanye kazi peke yake, huweza kufuta konsonanti na kuacha mstari mzuri usio na maana.

Hatari ya tatu ni ile ya maelezo yaliyopigwa chapa. Postikadi nyingi za Zanzibar za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zilitengenezwa na studio za mjini, kama ile ya Gomes, ili ziuzwe kwa wageni. Aghalabu maelezo yake yalikuwa katika lugha za Ulaya na yalimtaja mtu kwa kabila, kazi au uzuri wake. Jina lake halikuandikwa. Picha za nyumbani zina tabia tofauti: nyuma yake huwa na jina, tarehe, salamu au neno ukumbusho, na pengine muhuri wa studio. Upande wa nyuma ndio unaomrejeshea aliyepigwa picha nafsi yake, na ndio usionakiliwa mara nyingi.

4.0 Utaratibu wa kazi

Hatua ya kwanza, basi, ni kunakili pande zote mbili kwa skana. Postikadi ya sentimita 9 kwa 14, ikinakiliwa kwa nukta 600 kwa kila inchi, hutoa nakala yenye nukta zipatazo 2,100 kwa 3,300. Kiasi hicho kinatosha kuichapa kwa ukubwa maradufu katika nukta 300 kwa inchi. Stempu, kwa kuwa ni ndogo, huhitaji nukta 1,200 au zaidi. Nakala mama huhifadhiwa katika muundo wa TIFF usiopoteza taarifa, na kazi yote hufanywa katika nakala ya pili.

Hatua ya pili ni kusoma: kunukuu maandishi yote, kuyahawilisha kama ni ya hati za Kiarabu, na kuandika kilichojulikana kuhusu mahali, tarehe na watu. Kukata huja baada ya hapo. Badala ya kufuta kisichotakiwa, msanii hukifunika, kwani kilichofunikwa huweza kufunuliwa tena. Maandishi ya wino huunganishwa na picha kwa njia ya kuzidisha. Kompyuta huzidisha thamani ya mwanga ya tabaka la juu kwa ile ya tabaka la chini. Nyeupe, ambayo ni moja, haibadili kitu; nyeusi, ambayo ni sifuri, hubaki nyeusi. Matokeo yake ni kwamba karatasi nyeupe hutoweka na mwandiko ukabaki juu ya picha. Karatasi iliyogeuka rangi ya manjano huacha kivuli chake, na msanii huamua kama kivuli hicho ni uchafu au ni umri.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba kitu halisi hakiguswi na mkasi. Picha pekee ya bibi wa mtu huweza kuingia katika kolaji kumi na bado ikarudishwa sandukuni ikiwa nzima.

5.0 Haki ya aliyepigwa picha

Uzima wa karatasi hautoshi kulinda heshima ya mtu. Katika mfululizo alioupa jina la jumba la makumbusho ya ethnografia, Höch aliunganisha miili ya wanawake wa Ulaya na picha za vinyago vya Afrika na kwingineko. Shabaha yake ilikuwa kuikosoa jamii ya Ujerumani, lakini waliochonga vinyago hivyo hawana sauti humo. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, amefuata njia nyingine. Katika mfululizo mmoja ametumia michoro ya kitabu cha kale cha tiba kuhusu maradhi ya wanawake kuwa msingi wa nyuso, na kazi hizo zikabaki na majina ya maradhi kuwa anwani zake. Lugha ya zamani haikufichwa; imeachwa ionekane ili ihukumiwe.

Sheria za hakimiliki za Tanzania Bara (1999), Kenya (2001) na Zanzibar (2003) hushughulikia hasa haki za mtunzi. Haki ya mtu asiyetajwa jina katika postikadi hutegemea zaidi uadilifu wa msanii: ama aendelee kumtumia kama aina ya watu, ama ayaonyeshe maelezo yale ya kale na kuyahoji ndani ya kazi yenyewe.

6.0 Hitimisho

Kolaji ya kidijitali inahitaji msomaji kabla ya kumhitaji fundi. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopata nafasi, kwani yeye ndiye awezaye kuisoma barua kabla haijawa rangi, na kulitambua jina la kanga katika picha iliyofifia. Inapendekezwa kila kolaji iambatane na orodha ya matabaka yake: kipande kimetoka wapi, kimeandikwa nini, nani yumo, na kipi kimefunikwa. Jambo hilo si geni kwa wanaozijua tenzi. Watunzi wengi wa tenzi walifunga kazi zao kwa kutaja jina, tarehe na idadi ya beti, ili atakayenakili ajue alichopokea na asipunguze. Picha za kale nazo zastahili kunakiliwa kwa uaminifu huohuo.