Insulini Isiende na Mizigo

Mwenye kisukari anayesafiri kwa ndege ana kanuni moja inayotangulia nyingine zote: dawa yake akae nayo ndani. Begi lililokabidhiwa kaunta huweza kuchelewa, kupelekwa mji mwingine au kupotea kabisa. Hata likifika salama, limeshinda juani uwanjani, kisha likakaa chini ya ndege ambako baridi huweza kuwa kali.

Insulini ni protini. Ikiganda imeharibika, na ikiyeyuka hairudishi nguvu zake. Hatari ni kwamba ile iliyo angavu huweza kuonekana nzima, kumbe haishushi tena sukari. Joto kali nalo huidhoofisha. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, lakini iliyokwisha kuanza kutumika, kwa aina nyingi, hustahimili takriban wiki 4 kwenye joto la kawaida la chumba. Soma karatasi iliyomo kwenye boksi. Ukilazimika kubeba barafu, izungushie taulo isigusane na dawa.

Beba mara mbili ya mahitaji yako: insulini, sindano, kipima sukari, vijiti vyake na betri. Viweke vyote kwenye kipochi kimoja. Ndege ikijaa, wahudumu huomba vibegi vyenye magurudumu mlangoni ili viwekwe chini. Hapo utachomoa kipochi na kubaki nacho.

Kwenye ukaguzi, kikomo cha mililita 100 za vimiminika kisikutishe. Chupa ya kawaida ya insulini ina mililita 10, na kalamu ina 3. Kinacholeta maswali ni sindano, kwa hiyo uwe na barua ya daktari inayotaja dawa na vifaa vyako, na uache lebo ya duka la dawa mahali pake. Ukiwa umevaa pampu au kihisi cha sukari, mweleze mkaguzi kabla ya kupita kwenye mashine, na ufuate maelekezo ya mtengenezaji.

Mkishapaa, usichome insulini ya chakula kwa kusikia tu toroli likisogea. Ndege ikiyumba, huduma husitishwa, na sukari yako itashuka ukiwa bado unasubiri. Choma sahani ikiwa mbele yako. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho, pima, kisha kula gramu 15 za sukari au glukosi, na upime tena baada ya dakika 15. Chokoleti haifai hapo, kwani mafuta yake huchelewesha sukari.

Angalia pia tofauti ya saa za uendako. Saa za Jeddah ni sawa na za Dar es Salaam na Nairobi, na Muscat imetangulia kwa saa moja tu. New York iko nyuma kwa saa 7 au 8, hivyo siku yako ya safari hurefuka. Usijikadirie dozi mwenyewe, wala usiruke insulini ya muda mrefu. Muone daktari wako wiki chache kabla ya safari, akuandikie ratiba ya dozi pamoja na ile barua.