Tutu ndani ya matatu

Ili somo la baleti lianze katika shule ya Spurgeons Academy, mtaa wa mabanda wa Kibera jijini Nairobi, ilibidi kwanza madawati yatolewe nje. Sakafu ikafagiwa, viatu vikavuliwa, watoto wakajipanga mistari chini ya paa la mabati. Kioo cha ukutani hakikuwepo, wala upau wa kushikilia. Mwalimu Mike Wamaya, mcheza dansi Mkenya, alifundisha huko kupitia Anno's Africa, shirika la hisani kutoka Uingereza. Mwaka 2017 alikuwa mmoja wa walimu 10 waliofika fainali ya Global Teacher Prize, tuzo ya kimataifa ya walimu. Wapigapicha nao hawakukawia. Fredrik Lerneryd wa Uswidi alilipiga darasa hilo picha zilizosambaa duniani, na tangu hapo msichana wa Kibera aliyevaa mavazi ya baleti, mikono juu, mabati nyuma yake, ni sura ambayo magazeti ya ng'ambo hayachoki kuichapisha.

Kinachowavutia wahariri wa huko ni jinsi vazi na mtaa vinavyoonekana kukataana. Mkazi wa Nairobi hashangai kiasi hicho. Jumamosi asubuhi, kuanzia Lavington hadi Karen, utawaona watoto wakishuka magarini na soksi ndefu za waridi, nywele zimefungwa fundo utosini, na kisketi cha neti kimetuna kiunoni. Wanapitia dukani kununua juisi wakiwa vivyo hivyo. Mlinzi wa getini hana neno. Mwenye kibanda cha mboga hana neno.

Ila mtoto ni mtoto. Mtu mzima akitaka kuvaa tutu kutoka Adams Arcade hadi steji ya Kencom katikati ya jiji, saa nne asubuhi, siku ya kazi, hapo ndipo habari inapoanza.

Kwanza vazi lenyewe lieleweke. Tutu ziko za aina mbili kuu. Ya kale ni ndefu, inashuka chini ya magoti kama kengele laini. Ndiyo iliyopata umaarufu Paris mwaka 1832, Marie Taglioni alipocheza La Sylphide. Ya pili ni ile fupi, iliyosimama wima kuzunguka kiuno kama chapati ngumu, tabaka juu ya tabaka za neti, mara nyingi na waya ndani ili isilale. Ilifupishwa kadiri mitindo ya dansi ilivyozidi kuwa migumu, watazamaji wakataka kuiona miguu inafanya nini. Vazi hili lina historia ya machungu pia. Emma Livry, mcheza dansi kijana wa Paris, sketi yake ilishika moto kwenye taa ya gesi jukwaani mwaka 1862, akafa kwa majeraha mwaka uliofuata. Neti ya zamani iliwaka upesi.

Hii fupi, iliyosimama, haipandi matatu. Si suala la maadili, ni vipimo tu. Kwenye gari la abiria 14 viti vimebanana kiasi kwamba hata mfuko wa unga unapakatwa. Anayekaa na tutu ya waya ama atamfunika jirani uso, ama ataikunja na kuiharibu. Ndiyo maana wacheza dansi wenyewe huibeba imelala ndani ya mfuko mpana, na kuivaa nyuma ya pazia. Sketi laini ya neti, ile ambayo vipusa wa mjini huivaa na fulana na raba, ndiyo inayokubali safari: unaikusanya mapajani kwa mikono miwili, unaketi, unamruhusu makanga apite.

Nyingi ya sketi hizo, hasa za watoto, zimefika hapa kwa beli. Soko la Toi, hatua chache kutoka Barabara ya Ngong, hupokea mitumba ya watoto ambamo huchomoza, katikati ya suruali za shule na majaketi, magauni ya malaika na visketi vya neti vilivyovaliwa mara moja kwenye sherehe ya shule Ulaya au Marekani. Muuzaji hazipi heshima ya pekee. Anazitundika kando ya sweta, na mama anayetafuta nguo ya bathdei anazipima kwa jicho. Tatizo ni saizi: za watu wazima ni adimu kwenye beli, kwa hiyo mtu mzima hana budi kwenda kwa fundi au kujitengenezea.

Sababu mojawapo ya watu wazima kuzitaka inatoka kwenye televisheni. Mwaka 1998 mfululizo wa Marekani, Sex and the City, ulianza kwa Sarah Jessica Parker akitembea New York ndani ya sketi nyeupe ya tutu. Mbunifu wa mavazi Patricia Field aliiokota kwenye kapu la dola 5. Nairobi ilikuja kupata toleo lake: gauni la neti la kukodisha, la picha za bathdei au za ujauzito, linaloburutwa kwenye nyasi za bustani ya Arboretum huku rafiki akirusha mkia wake hewani ili mpigapicha anase upepo ambao haupo.

Na hapo ndipo tabia ya jiji hili inapojitokeza. Nairobi imezoea mavazi ya ajabu kuliko inavyokiri. Waumini wa Legio Maria hupita mjini na kanzu zao za rangi. Wakorino wana vilemba vyao vyeupe. Wahitimu hupanda magari na majoho na kofia zao. Makondakta wa matatu wenyewe, wanaocheka nguo za wengine, walivalishwa sare kwa sheria za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Hakuna anayewakodolea macho hawa wote, kwa kuwa kila mmoja anajulikana anakotoka na anakokwenda. Jiji husamehe vazi lolote lenye shughuli. Tutu ya mtoto ina shughuli, ya picha ina shughuli, ya jukwaani ina shughuli. Linalosumbua ni vazi lililovaliwa kwa sababu tu mwenyewe amependa, tena mwenyewe akiwa mwanamke, tena akiwa peke yake.

Hilo si dhana. Novemba 2014 video ilisambaa ya mwanamke aliyevuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye steji jijini, wakidai amevaa vibaya. Tarehe 17 mwezi huohuo mamia ya watu waliandamana kutoka Uhuru Park hadi Accra Road chini ya kaulimbiu ya My Dress My Choice, wengi wakiwa wamevaa sketi fupi kwa makusudi. Kundi la mtandaoni la Kilimani Mums lilikuwa mstari wa mbele. Kando ya barabara walikuwepo wanaume waliowazomea, jambo lililothibitisha hoja ya waandamanaji vizuri kuliko bango lolote. Mwezi uliofuata Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama, na ndani yake kikaingizwa kifungu cha 251A cha Kanuni ya Adhabu: anayemvua mtu nguo kwa nguvu anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10. Mwaka 2017 mahakama iliwahukumu wanaume watatu kwa kumvua nguo na kumwibia abiria wa basi Githurai mwaka 2014. Kwa wizi wa mabavu walihukumiwa kifo.

Majirani wana kumbukumbu zao. Tanzania, kupitia Operesheni Vijana ya umoja wa vijana wa TANU, ilipiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Idi Amin alifanya vivyo hivyo Uganda mwaka 1972, na sheria ya Uganda ya mwaka 2014 dhidi ya ponografia ilitafsiriwa mitaani kama ruhusa ya kuwashambulia wanawake. Kenya haina sheria ya kupima urefu wa sketi. Ina watu waliojipa kazi ya kupima.

Wanaume je? Katika baleti kwa kawaida hawavai tutu, huvaa suruali ya kubana inayoonyesha kila msuli, na kwa macho ya steji ya matatu huenda ni kosa kubwa zaidi. Joel Kioko alilelewa Kuwinda, mtaa wa mabanda unaopakana na majumba ya Karen. Alifunzwa na Dance Centre Kenya chini ya Mmarekani Cooper Rust, akacheza The Nutcracker katika Kenya National Theatre, kisha akaenda kusoma nje, ikiwemo English National Ballet School jijini London. Mwanamume aliyefanya tutu yenyewe kuwa kazi ni Bob Carey wa Marekani, mpigapicha mnene kiasi, aliyejipiga picha kifua wazi na tutu ya waridi mashambani, barabarani na kwenye treni. Mke wake Linda aligunduliwa na saratani ya matiti mwaka 2003, na picha hizo zikageuka njia ya kuchangisha fedha kwa wagonjwa. Ni vigumu kumkasirikia mtu aliyekubali kuchekwa kwa ajili ya mkewe. Hata yeye, lakini, alihitaji shughuli ya kulieleza vazi, na kichekesho chake kinategemea kwamba ni mwanamume. Mwanamke mwenye umbo lake angetazamwa kwa jicho jingine kabisa.

Kwa anayetaka kujaribu, mambo ni mepesi kuliko hofu. Maduka ya vitambaa ya Biashara Street huuza neti kwa mita, na kuna namna isiyohitaji hata cherehani: lastiki ya kiuno inashonwa mduara kwa mkono, neti inakatwa vipande virefu, na kila kipande kinafungwa fundo kwenye lastiki hadi sketi ijae. Ndani huvaliwa kaptura au soksi ndefu nzito, maana upepo wa Kenyatta Avenue hauna adabu. Rangi nyeusi huficha vumbi na moshi, nyeupe ni ya wenye magari. Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, afadhali sketi ibaki kabatini, kwa kuwa neti iliyolowa matope ya Ngong Road haitoki doa hata kwa sabuni ya kipande. Na anayetoka Dagoretti Corner kwa matatu akae dirishani, mbali na mlango.