Ukurasa Usio na Picha: Kujieleza katika Kitabu cha Kumbukumbu

Utangulizi

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki takriban mwaka 1840. Ufundi wa kupiga picha ulikuwa umetangazwa jijini Paris mwaka 1839 tu, na hakuna picha ya Muyaka iliyopata kupigwa. Hata hivyo, mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili huitambua sauti yake mara aisikiapo: ni sauti ya mtu aliyejibizana na mahasimu wa mji wake, aliyependa, aliyetania na aliyelalamika nyakati zilipokuwa ngumu. Sura yake imepotea ilhali nafsi yake imebakia. Kisa hiki kinaibua swali ambalo makala haya yananuia kulijibu: je, mtu wa leo anawezaje kujihifadhi katika kitabu cha kumbukumbu bila kubandika picha yake hata moja?

Kitabu cha kumbukumbu, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni daftari au jalada ambamo mtu hubandika, huchora na huandika mambo yanayohusu maisha yake. Watu wengi hudhani kwamba kitabu hicho ni sawa na albamu ya picha. Dhana hiyo ina upungufu. Katika karne ya 19, kabla picha hazijawa rahisi kupatikana, watu wa Uingereza na Marekani walijaza vitabu vya namna hiyo kwa vipande vya magazeti, kadi, mashairi yaliyonakiliwa na maua makavu. Mwandishi Mmarekani Mark Twain alipata hataza ya kitabu chenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi mwaka 1873, na kitabu hicho kilifaa hasa kwa vipande vya karatasi. Picha, basi, ni mgeni aliyekuja baadaye akapewa kiti cha mbele.

Kwa Nini Bila Picha?

Sababu ya kwanza ni kwamba si kila mtu ana picha. Katika nyumba nyingi za Kenya, picha za utotoni ni mbili au tatu tu, na pengine hazipo kabisa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliteketeza makaazi ya watu wengi, na pamoja na mabati na magodoro ziliteketea pia picha, vyeti na barua. Mtu aliyepoteza picha zake hajapoteza maisha aliyoyaishi. Anachohitaji ni njia nyingine ya kuyaweka pamoja.

Sababu ya pili ni kinyume cha hiyo ya kwanza. Leo hii simu ya mkononi huweza kubeba maelfu ya picha, lakini wingi huo haujageuka kuwa kumbukumbu. Picha ya arusi huonyesha nguo na tabasamu. Haisemi ni nani aliyelipa deni la nguo hizo, wala ni nani aliyekosekana mezani. Ukurasa usio na picha humnyima mwandishi njia ya mkato. Humlazimisha achague jambo moja na kulitamka.

Sababu ya tatu, ambayo ndiyo nzito zaidi, ni suala la nani anayemweleza nani. Nchini Kenya, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya usajili mwaka 1915 na kuanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Chini ya sheria hiyo, kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alilazimika kubeba kipande, ambacho kwa kawaida kilitiwa katika kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kipande kilikuwa na jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri na ujira. Huo nao ulikuwa ukurasa kuhusu mtu, tena usiokuwa na picha. Kasoro yake ni kwamba mwenyewe hakuuandika. Mtu aliuvaa ukurasa ulioandikwa na bwana wake. Hata tawasifukazi ya siku hizi, japo huandikwa na mwenyewe, hufuata maswali ya mwajiri: umesomea wapi, umefanya kazi gani, ni nani atakayekushuhudia? Ukurasa wa kumbukumbu ni mahali ambapo maswali huulizwa na mwenye maisha.

Mifano ya Kuigwa

Jadi ya Kiswahili haina uhaba wa vielelezo. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi ambao umeendelea kusomwa hadi leo. Mwanzoni mwa utendi huo mama humwita bintiye aje na wino na karatasi. Yanayofuata ni mawaidha ya dini, adabu na unyumba, lakini mama huyo pia hutoa mfano wa ndoa yake mwenyewe. Wasomi wamejadiliana kwa kirefu kuhusu nafasi ya mwanamke katika utendi huo, na mjadala huo haujakoma. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba mama aliyejua kuwa huenda hatakuwapo aliamua kujiacha katika maneno.

Zaidi ya karne moja baadaye, wanawake wa Uganda walijikuta katika hali kama hiyo. NACWOLA, shirika lililoanzishwa mwaka 1992 na wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI, liliwasaidia akina mama kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa ghali mno kwa wengi wao. Mama aliandika habari za ukoo, siku mtoto alipozaliwa, mambo aliyoyapenda na matumaini aliyokuwa nayo. Picha zilibandikwa pale zilipopatikana, lakini kiini cha kitabu kilikuwa majibu ya maswali ambayo mtoto angeuliza wakati mama hayupo. Isitoshe, uandishi wenyewe uliwapa wazazi na watoto nafasi ya kuzungumzia ugonjwa uliokuwa umefichwa. Kwa wanawake hao, kutengeneza kitabu hakukuwa mchezo wa kupitisha wakati.

Leso kama Kielelezo cha Ukurasa

Anayetaka kuanza huenda akatatizwa na ukurasa mtupu. Leso inaweza kumwongoza. Kama ijulikanavyo, leso huwa na sehemu tatu: pindo, yaani mpaka unaozunguka nguo, mji, yaani sehemu ya kati, na jina, yaani usemi ulioandikwa. Ukurasa wa kumbukumbu waweza kupangwa vivyo hivyo.

Mji wa ukurasa ni kitu kimoja kinachobeba jambo linaloelezwa. Kinaweza kuwa tikiti ya basi ya safari ya kwanza kwenda chuoni, kipande cha leso ya nyanya, bahasha yenye stempu, jani lililokaushwa, au mchoro wa kiganja cha mwandishi mwenyewe. Vitu vitano katika ukurasa mmoja hugombania macho, na matokeo yake ni kwamba hakuna kinachosikika.

Pindo ni maelezo madogo yanayouzunguka mji: tarehe, mahali, majina ya waliokuwapo, bei, hali ya hewa. Mambo haya huonekana duni siku ya kuandikwa. Baada ya miaka 20, nauli iliyoandikwa pembeni mwa tikiti huweza kusema mengi kuliko tikiti yenyewe.

Jina ni usemi wa ukurasa. Hapa mwandishi asikimbilie methali kwa kuwa tu inajulikana. Aitumie iwapo ilitamkwa nyumbani kwao na mtu fulani kwa sababu fulani. La sivyo, atunge usemi wake. Mwenye kununua leso huchagua jina akiwa na mtu wa kumwambia, na ukurasa nao hunoga ukiwa na mtu unayeambiwa.

Aina za Kurasa

Ukurasa wa jina ni mwanzo mzuri. Majina ya Wakenya wengi ni hadithi zilizofupishwa. Otieno alizaliwa usiku na Akinyi asubuhi. Wafula aliletwa na majira ya mvua na Nekesa na majira ya mavuno. Miongoni mwa Wakikuyu, mtoto hurithi jina la babu au nyanya kwa utaratibu maalumu. Mwandishi aeleze ni nani aliyempa jina, ni nani aliyepinga, na ni jina gani la utani analoitwa na watu wa nyumbani pekee.

Ukurasa wa njia ni ramani iliyochorwa kwa mkono kutoka nyumbani hadi shuleni au kisimani. Vipimo si hoja. Panapotakiwa kuonyeshwa ni pale mbwa wakali walipokaa, mwembe ulipokuwa, na mahali ambapo watoto walivua viatu ili visichakae.

Ukurasa wa lugha hukusanya maneno. Wakenya wengi huishi katika lugha tatu au zaidi, na kila lugha ina kazi yake. Mwandishi aweza kuorodhesha neno alilofarijiwa nalo alipolia, neno alilokaripiwa nalo, na neno ambalo hajalipatia tafsiri ya Kiswahili hadi leo. Kwa mwanafunzi wa isimu, ukurasa kama huu ni data. Kwa mwenyewe, ni nyumbani.

Hali kadhalika upo ukurasa wa mapishi, ambapo maelezo huandikwa kama yalivyosemwa na mpishi, pamoja na kipimo cha kiganja na onyo la kutofunua sufuria. Upo pia ukurasa wa barua, ambapo mwandishi hujiandikia mwenyewe wa miaka kumi ijayo au iliyopita.

Lugha ya Ukurasa

Kosa linaloharibu kurasa nyingi ni kutumia sifa pale panapohitajika tukio. Tuseme mwanafunzi ameandika, “Nyanya yangu alikuwa mkarimu sana na alinipenda.” Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini yaweza kubandikwa katika kitabu cha mtu yeyote. Sasa tuseme ameandika hivi: “Nyanya alipika chapati kumi na mbili nasi tulikuwa saba. Sikuwahi kumuuliza zile tano zilikuwa za nani, kwa sababu kila mara alitokea mtu wa kuzila.” Neno “mkarimu” halikutajwa, na halihitajiki. Nyanya huyu sasa hawezi kuhamishwa akapelekwa kitabu kingine. Huo ndio ukweli ambao picha yake, kama ingalikuwapo, isingeuonyesha.

Aidha, ukurasa si lazima uwe wa furaha. Mtu aliyefeli mtihani, aliyefiwa, au aliyehama kwao usiku ana haki ya kuliandika jambo hilo. Hata hivyo, ni vyema akumbuke kwamba maisha yake yamechanganyika na ya wengine. Siri ya ndugu ikiingia kitabuni, mwenye siri aombwe ruhusa, ama jambo hilo liandikwe katika karatasi iliyokunjwa na kutiwa ndani ya bahasha iliyofungwa.

Uhifadhi

Kitabu kisichodumu hakitimizi kazi yake. Karatasi ya gazeti hugeuka manjano na kukatika kwa sababu ya asidi iliyomo. Ni heri habari muhimu inakiliwe katika karatasi nzuri. Utepe wa plastiki unaonata hukauka na kuacha doa, kwa hivyo gundi isiyo na asidi, au uzi na sindano, hufaa zaidi. Risiti nyingi za dukani huchapishwa kwa joto bila wino, nazo hufifia, pengine kabla ya miaka michache kupita; maandishi yake yaandikwe upya kwa mkono. Penseli haififii kwa mwanga, ilhali wino wa kalamu nyingi hufifia. Majani na maua yakaushwe kabisa kabla ya kubandikwa, yasije yakaleta ukungu. Fauka ya hayo, kitabu kiwekwe mbali na jua, unyevu na mchwa, maadui watatu ambao mkaazi wa pwani anawajua bila kufundishwa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kukosa picha si kukosa kumbukumbu. Mwana Kupona aliomba wino na karatasi. Akina mama wa Uganda walihitaji daftari na saa chache za ujasiri. Aliyevaa kipande, kwa upande mwingine, alibeba maelezo yake shingoni bila kuwa na neno lake ndani yake. Tofauti baina ya hali hizi haikuletwa na kamera. Ililetwa na mkono ulioshika kalamu. Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye kutwa huchambua nafsi za watu wengine katika riwaya na tenzi, anavyo vifaa vyote vya kuanza: daftari, mkasi, gundi, na lugha aliyoichagua kuwa taaluma yake. Ukurasa wa kwanza waweza kuwa wa jina lake, na wa pili uwe wa yule aliyempa jina hilo, iwapo bado yu hai wa kuulizwa.